Mtoto njiti husafiri salama tumboni: somo nililolipata Nakuru

Sisi watu wa Pwani tuna ada yetu: mimba ya kwanza, binti hurudi kwa mamake kujifungua. Akiingia mwezi wa saba au wa nane hupandishwa basi, akaja akatunzwa, akajifungua, akakandwa na kunyweshwa uji wa pilipili manga mpaka arobaini ikatimia. Ndivyo nilivyozaliwa mimi, na ndivyo nilivyomzaa mwanangu wa kwanza. Kwa hivyo binti yangu alipopata mimba akiwa kule Kuresoi, Kaunti ya Nakuru, ambako mumewe ni mwalimu, hapakuwa na mjadala. Chumba nilishamtengea na leso nilishanunua.

Mwaka juzi, mwezi wa Julai, siku ya Jumatano baada ya magharibi, mkwe wangu akanipigia simu. Binti alikuwa amekwenda kliniki, mimba ina wiki 31. Nesi alimpima presha akaikuta juu, akampima mkojo, kisha akamwandikia barua: aende hospitali Nakuru mjini leo hii. "Lakini mama," mkwe akaniambia, "yeye analalamika kichwa tu. Na tiketi ya Ijumaa ya kuja huko tushakata. Si afadhali atibiwe huko huko Mombasa?"

Nitasema kweli ingawa inanitia aibu. Nilimjibu, "Mlete."

Bahati yetu ni kwamba yule nesi alikuwa bado yuko nao, akaiomba simu. Hakunigombeza. "Mama," aliniambia, "huyu akipanda basi la Mombasa anaweza kushikwa na kifafa cha mimba njiani, na mtoto akazaliwa njiani. Ndani ya basi hakuna mtu wa kumsaidia kupumua. Nakuru wapo."

Usiku ule ule wakakodi Probox, wakateremka kwa Molo, Elburgon na Njoro mpaka Nakuru. Mimi nikafika kesho yake jioni. Jumamosi mjukuu wangu akazaliwa kwa upasuaji, kilo moja na gramu mia tatu.

Kitanda cha pili kutoka kwa binti yangu alilala mama mwengine, naye katoka milima ile ile. Yeye alishikwa na uchungu kabla ya wakati, akajifungulia kwenye kituo kidogo karibu na kwao usiku. Mtoto alilia vizuri. Gari halikupatikana mpaka kukapambazuka, wakashuka naye amefungwa mashuka mawili na sweta ya babake. Alifika Nakuru mwili baridi, anapumua kwa shida. Siku ya pili akafariki. Uzito wake haukupishana sana na wa mjukuu wangu.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu. Watoto wawili, milima mimoja, barabara moja, hospitali moja. Mmoja alisafiri ndani ya tumbo la mamake na mwengine alisafiri nje. Tangu hapo nimekuwa nikiuliza wauguzi, nikisoma na kupiga hesabu za njia. Naandika haya kwa sababu wengi wetu tuna mabinti walioolewa bara, na kwa sababu hata hapa Pwani mambo si tofauti sana.

Umbali si kilomita peke yake

Kwanza tuijue Nakuru yenyewe. Mji ulipewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, na mtu akisikia jiji hudhani kila kitu kiko mlangoni. Lakini kaunti ni kubwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 2,162,202, kaunti ya tatu kwa wingi wa watu Kenya baada ya Nairobi na Kiambu. Eneo lake ni kama kilomita mraba 7,500. Kaunti ya Mombasa nzima ni kama 220 tu. Inaanzia Mai Mahiu na Naivasha upande wa Nairobi, inapita Gilgil na Nakuru mjini, inapanda Njoro, Molo na Mau mpaka Olenguruone, karibu na mpaka wa Bomet na Kericho.

Hospitali yake kuu ya rufaa, ambayo wazee bado huiita PGH kwa sababu ndiyo iliyokuwa hospitali ya Mkoa wa Bonde la Ufa, iko mjini. Ina jengo la akina mama na watoto lililopewa jina la Margaret Kenyatta. Wanaoitegemea si watu wa Nakuru pekee. Wagonjwa hutoka Baringo, Nyandarua, Laikipia na Narok. Mama wa Marigat, kule Baringo, ana safari ya kama kilomita mia moja kabla hajafika Nakuru, na aliye ndani zaidi upande wa Tiaty ana safari ndefu kuliko hiyo.

Juu ya kilomita ongeza saa. Kilomita ishirini za lami mchana ni dakika chache. Kilomita ishirini za udongo wa Mau wakati wa mvua, usiku, bila gari kijijini, ni nusu siku. Mwaka 1994 watafiti wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika kwamba ucheleweshaji unaoua akina mama wazazi una sehemu tatu: kuchelewa kuamua nyumbani, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Nilipousoma mgawanyo ule nilijiona mwenyewe. Neno langu lile "mlete" lilikuwa ni ucheleweshaji wa kwanza, umekaa juu ya kochi Mombasa.

Mwaka 2018 watafiti wakiwemo wa KEMRI-Wellcome, taasisi ambayo sisi tunaijua kwa kituo chake cha Kilifi, walichora ramani ya hospitali za umma Afrika kusini mwa Sahara. Wakakuta watu 29 katika kila 100 wanaishi zaidi ya saa mbili kutoka hospitali iliyo karibu nao. Hapo wamehesabu hospitali yoyote ya umma ya dharura. Ukiuliza hospitali yenye wadi ya watoto wachanga iliyo na vifaa na wauguzi waliosomea kazi hiyo, ramani huwa na matundu makubwa zaidi.

Mlango wa hospitali si mlango wa wadi ya wachanga

Hili ndilo jambo ambalo sikulijua. Nilidhani hospitali ni hospitali. Kumbe huduma ya mtoto mchanga ina ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza inatakiwa iwe kila mahali anapozaliwa mtoto, hata zahanati: kumkausha na kumpa joto, mfuko na barakoa ya kumpulizia pumzi asipolia katika dakika ya kwanza, kumnyonyesha mapema, kukata na kutunza kitovu kwa usafi.

Ngazi ya pili ni ya mtoto njiti au mgonjwa. Hapa panatakiwa oksijeni na kipimo chake, mashine inayopuliza hewa puani mfululizo ili mapafu yasijifunge, ambayo wauguzi huiita CPAP, taa za buluu za kutibu manjano, dripu na dawa za kuua vijidudu, na mpira mwembamba wa kupitishia maziwa ya mama kwa mtoto asiyeweza kunyonya. Juu ya yote panatakiwa wauguzi wa kutosha usiku na mchana. Watoto wengi wanaokufa wanaweza kuokolewa katika ngazi hii.

Ngazi ya tatu ni mashine za kupumulia kabisa na upasuaji wa mtoto aliyezaliwa na kasoro nzito. Huduma za namna hiyo mtu huzitafuta kwenye hospitali za kitaifa: Kenyatta jijini Nairobi, au Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi mjini Eldoret, yenye jengo lake la mama na mtoto liitwalo Riley. Nakuru iko katikati. Nairobi ni kama kilomita 160, na Eldoret karibu vivyo hivyo upande wa pili.

Kwa hivyo mama anaweza kujifungulia hospitalini, mikononi mwa mtu aliyesomea ukunga, na bado mtoto wake akawa mbali na huduma anayoihitaji. Takwimu za nchi zinanifanya niamini hivyo. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2014, akina mama 62 katika kila 100 walizalishwa na mtaalamu. Utafiti wa 2022 ukakuta 89. Hiyo ni hatua kubwa, na uzazi bila malipo ulioanza Juni 2013, kisha Linda Mama, umesaidia. Lakini vifo vya watoto wa chini ya siku 28 vilikuwa 22 katika kila 1,000 waliozaliwa hai mwaka 2014, na 2022 vikawa 21. Lengo la dunia ni 12 ifikapo 2030. Mama amefika kituoni. Mtoto akizaliwa mdogo, kituo alichofika mara nyingi hakina cha kumsaidia.

Kwa nini tumbo ni bora kuliko ambulensi

Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 huitwa njiti. Kadiri anavyotangulia, ndivyo mambo matatu yanavyomshinda: kupumua, kujipasha joto na kula.

Mapafu yake hayajakomaa, yanagandana kila anapotoa pumzi. Mwili wake hauna mafuta chini ya ngozi, kwa hivyo joto humtoka upesi. Mtoto mchanga anatakiwa awe na joto la kati ya 36.5 na 37.5. Sisi wa Pwani tunaweza kudhani shuka moja latosha. Nakuru mjini ni kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Molo inakaribia 2,500. Usiku wa Julai kule juu nilivaa makoti mawili na bado natetemeka. Mtoto wa kilo moja na nusu akipoa, sukari yake hushuka, pumzi huwa nzito, na oksijeni atakayoikuta mwisho wa safari huenda isimfae tena.

Tumboni mambo yote hayo hufanywa na mama. Joto, chakula na hewa vyote vinapitia kwake. Ndiyo maana wauguzi wanasema, ikiwa mtoto anatarajiwa kuzaliwa mapema na kuna nafasi ya kumhamisha mama salama, ahamishwe mama kabla hajajifungua. Hakuna inkubeta ya barabarani inayoshinda tumbo.

Iko sababu ya pili, nayo ni sindano. Mama aliye katika hatari ya kujifungua kabla ya wiki 34 anaweza kupewa deksamethasoni, dawa ya kukomaza mapafu ya mtoto. Hutolewa kwa siku mbili hivi, na hufanya kazi vizuri ikipita angalau siku nzima kabla ya kuzaa. Binti yangu alifika Jumatano usiku akazaa Jumamosi, kwa hivyo aliimaliza. Dawa ni ya bei nafuu, lakini ina sharti. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2020, ambao Kenya ilishiriki, ulionyesha kwamba inapunguza vifo vya njiti katika hospitali zenye huduma ya kuwatunza watoto hao. Utafiti wa nyuma yake, uliofanywa pia mahali pasipo huduma hiyo, haukuonyesha faida ile na ulizusha wasiwasi wa madhara. Maana yake sindano na wadi huenda pamoja. Kumdunga mama kisha kumwacha kijijini si matibabu.

Si kila mara mama anaweza kuhamishwa. Uchungu ukishapamba moto, au damu inatoka nyingi, kumtia garini ni hatari kuliko kukaa. Hapo mtoto atazaliwa pale pale na kusafiri baadaye. Namna bora ya kumsafirisha ni kumweka kifua wazi cha mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, soksi miguuni, akafungwa kwa leso madhubuti na kufunikwa juu. Njia hii ilianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970, hospitali ilipokosa inkubeta za kutosha, na kwa mfano wa kangaruu imepewa jina hilo. Mwaka 2021 ulitoka utafiti uliofanywa nchi tano, Tanzania ikiwemo, ukaonyesha kwamba watoto wa kati ya kilo 1 na kilo 1.8 wakiwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, vifo hupungua kwa robo. Leso zile nilizonunua Mombasa kwa ajili ya arobaini ndizo zilizomfunga mjukuu wangu kifuani kwa mamake, na zamu nyengine kifuani kwangu, kwa wiki tano.

Haya yanatuhusu vipi sisi Pwani

Mtu wa Faza au Kiunga akiambiwa aende hospitali kubwa, huanza na mashua. Mtu wa Hola ana barabara ndefu kufika Malindi. Wa Likoni ana feri. Hospitali ya rufaa ya Makadara na ya Kilifi zipo, lakini kati yake na mama wa kijijini kuna saa zile zile nilizozihesabu Kuresoi.

Na ada yetu ya kumrudisha binti kwao, mimi siitupi. Ina huruma na ina faida. Ninachosema ni kwamba tuiwekee masharti. Kabla hajasafiri, apimwe kliniki, na aulize waziwazi kama anaruhusiwa. Nakuru mpaka Mombasa ni zaidi ya kilomita 600. Mwenye presha, mwenye mapacha, aliyewahi kuzaa njiti au aliyetokwa na damu hatakiwi kuwa barabarani mwezi wa nane kwa sababu mama yake ameshatandika kitanda. Katika hali hiyo mama ndiye apande gari amfuate binti, kama nilivyofanya mimi. Uji wa pilipili manga unapikika Nakuru pia.

Mambo ninayowaomba wenzangu myaulize mapema, mimba ikiwa bado changa, ni haya:

Hospitali gani iliyo karibu ina wadi ya watoto wachanga, si chumba cha kuzalia peke yake? Usiku ni gari la nani litakalotupeleka, na nambari yake ni ipi? Nani ataamua ikiwa mume hayupo? Mama ameandikishwa SHA, ambayo tangu Oktoba 2024 imechukua nafasi ya NHIF? Kijitabu cha kliniki kiko wapi?

Na dalili za kutokungoja Ijumaa: kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, damu au maji kutoka kabla ya wakati, homa, tumbo kukaza kwa vipindi, au mtoto kupunguza kucheza.

Upande wa serikali pia tusinyamaze. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya, ikiwemo afya ya uzazi, na kinasema hakuna anayenyimwa matibabu ya dharura. Tangu 2013 hospitali hizi, isipokuwa zile za kitaifa, ziko mikononi mwa kaunti. Wakati wa bajeti tuulize hospitali ya kaunti ndogo ina vitanda vingapi vya wachanga na wauguzi wangapi usiku, badala ya kushangilia rangi ya ukuta. Tuulize kama kituo kidogo kinapiga simu hospitali kubwa kabla ya kumtuma mgonjwa, ili akute kitanda kipo.

Jirani zetu wana la kutufunza. Tanzania, bara na Zanzibar, wana mpango uitwao m-mama: mtu hupiga 115 bila malipo, na pasipo ambulensi karibu, dereva wa kawaida aliyesajiliwa huitwa na kulipwa kwa simu. Pia wana nyumba za mama ngojea karibu na baadhi ya hospitali, mjamzito wa mbali akae hapo wiki za mwisho. Dereva wa Probox kule Kuresoi yuko tayari. Anachotaka ni kuitwa na kujua nani atamlipa.

Mjukuu wangu sasa anakimbia, na anaita kila mzee wa kike "nyanya". Yule mama wa kitanda cha pili tuliagana naye siku alipotoka, mkononi amebeba kofia ndogo ya sufi. Hakuwa mzembe. Aliikuta saa yake usiku, mahali ambapo gari huja asubuhi. Mimi niliikuta yangu mchana, na nikapata nesi wa kunikatalia. Kama binti yako yuko bara na siku zake zinakaribia, mpigie leo, umuulize wadi ya wachanga iliyo karibu naye iko wapi.